Kulala na Kula Vizuri Lamu: Mwongozo Kamili wa Hoteli Ndogo za Nyumba za Kale na Chakula cha Usiku

Wasomaji wanaorudi kutoka Lamu huniletea malalamiko yaleyale. Chumba kilichopendeza pichani kilikuwa na joto lisilolalika, mkahawa uliosifiwa na kila mtu uliwajibu kwamba samaki wamekwisha, na boti ya kuwarudisha mjini kutoka kijiji jirani cha Shela ikakosekana usiku. Fedha zimetumika, tena si kidogo, na safari ambayo wanandoa waliiwekea akiba kwa miezi mingi imegeuka kuwa mahangaiko.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja. Watu huipanga Lamu kama wanavyoupanga mji mwingine wowote, wakidhani kwamba vyumba vyote vya bei moja ni sawa na kwamba jiko lina kila kitu saa yoyote. Lamu haiendi hivyo. Chumba huchaguliwa kwa upepo, chakula cha usiku huagizwa asubuhi, na boti hufuata maji. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata mambo hayo matatu, na unamfaa mtu anayekwenda kwa mapumziko ya siku mbili au tatu katika hoteli ndogo ya kifahari, yaani zile nyumba za kale za mawe zilizokarabatiwa zikabaki na vyumba vichache tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha taifa au pasipoti. Ukienda kwa barabara utaombwa njiani, na hoteli pia itakihitaji.
- Fedha taslimu za noti ndogo pamoja na salio la M-Pesa. Mtandao hukatika, na nahodha hana chenji ya noti ya elfu moja alfajiri.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa kwa tarehe za safari yako.
- Kalenda ya Kiislamu ya mwaka huo.
- Begi laini la kubebeka mkononi au mgongoni. Ndege ndogo nyingi zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, huruhusu kilo 15 tu, na magurudumu ya sanduku hayasaidii kitu kwenye vichochoro vya mawe.
- Tochi, viatu visivyoteleza, na mavazi yanayofunika mabega na magoti.
- Nambari ya simu ya msimamizi wa hoteli yenyewe, si ya wakala peke yake.

## Hatua ya 1: Panga tarehe kwa upepo na kwa kalenda

Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, bahari huwa tulivu zaidi, wavuvi hutoka bila shida na mikahawa huwa na samaki wa kila namna. Ndicho kipindi kizuri kuliko vyote, na ndicho ghali kuliko vyote. Kusi huanza Aprili pamoja na mvua za masika, ambazo huzidi mwezi wa Mei. Wakati huo bahari huchafuka na hoteli kadhaa, hasa za Shela, hufungwa kwa wiki kadhaa ili zikarabatiwe. Julai na Agosti kuna upepo mkali lakini hali ya hewa ni ya kupendeza, na usiku hulalika vizuri hata bila feni.

Kisha tazama kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na jiko huamka baada ya magharibi. Asiyefunga anaweza kufurahia Lamu ya Ramadhani, kwa kuwa vyakula vya futari ni vingi na vitamu, lakini ni lazima ajue mapema kwamba mchana atakula ndani ya hoteli yake. Wakati wa Maulidi, katika mfungo sita, mji hujaa wageni kutoka pwani nzima na vyumba huisha miezi kadhaa kabla. Tamasha la utamaduni la mwezi wa Novemba nalo hujaza mji vivyo hivyo.

Onyo: usilipie tiketi ya ndege kabla hujahakikishiwa kwamba hoteli na mkahawa unaoutaka viko wazi tarehe hizo.

## Hatua ya 2: Amua kati ya mji wenyewe na Shela

Mji wa kale una sehemu mbili zinazomhusu mgeni. Mkomani, upande wa kaskazini, ndiko kwenye nyumba nyingi kubwa za mawe na utulivu wa vichochoro. Langoni, upande wa kusini, kuna maduka na pilikapilika zaidi. Kati yao ipo ngome, na mbele yake uwanja wa Mkunguni, ambapo watu hukaa kuzungumza mpaka usiku.

Shela iko umbali wa kilomita 3 hivi kuelekea kusini. Ina ufuo mrefu wa mchanga, hoteli za bei ya juu, na utulivu mkubwa zaidi. Mtu hutembea dakika 40 kwa miguu kando ya maji, au hupanda boti kwa dakika 10.

Maoni yangu ni kwamba anayekwenda kwa siku mbili alale mjini na aende Shela mchana. Mji huonjwa jioni na alfajiri, na mgeni aliyelala Shela hukosa nyakati hizo zote mbili. Anayetaka kuogelea kila siku, au mwenye watoto wadogo, alale Shela.

## Hatua ya 3: Chagua chumba, usichague hoteli

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo soma polepole.

Nyumba ya kale ya Lamu ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, vingi havifiki mita 3 kwa upana. Vyumba hupangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kwanza kuna misana iliyo karibu na ua, na nyuma zaidi kuna chumba kiitwacho ndani, ambako ukuta wa zidaka za chokaa, yaani vishubaka vya ukutani, hupambwa kwa ustadi wa hali ya juu.

Sasa fikiria picha unazoziona kwenye mitandao. Mpiga picha hupenda zidaka, nawe ukiziona unavutiwa, unalipia. Lakini chumba chenye zidaka kwa kawaida kiko mbali na ua, na katika nyumba nyingi hakina dirisha hata moja linalotazama nje. Mchana kina ubaridi mzuri kwa sababu ya unene wa kuta. Usiku, hasa Februari na Machi, hewa husimama humo na feni huzungusha joto lilelile. Kipende kwa macho, ulale kwingine.

Ghorofa ya juu kabisa, chini ya makuti, hupata upepo wa pande zote. Ina gharama zake pia. Ngazi ni za mwinuko mkali na hatua zake ni ndefu, kwa hiyo haimfai mzee wala mwenye magoti mabovu. Maji huteremka kutoka kwenye tangi la juu ya nyumba kwa uzito wake tu, na bafu lililo karibu na tangi hupata maji yanayochuruzika bila nguvu. Vyumba vingi vya juu havina ukuta kamili, hivyo sauti hupita kwa uhuru. Mvua ya kusi nayo huja ya mshazari na huweza kufika kitandani.

Ghorofa ya kati, yenye chumba kilicho na madirisha pande mbili, ndiyo ninayompendekezea mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza. Miezi ya kaskazi panda juu; miezi ya mvua baki katikati.

Kabla ya kulipa, tuma ujumbe wa namna hii kwa msimamizi:

"Assalaam aleikum. Tunatarajia kufika Lamu tarehe fulani, watu wawili. Tunaomba kujua chumba hiki kiko ghorofa ya ngapi, kina madirisha mangapi na yanatazama wapi, kama chandarua kinafunika kitanda chote, na umeme ukikatika usiku feni inaendelea kufanya kazi au la. Tunaomba pia picha ya dirisha ikiwa limefunguliwa."

Picha ya dirisha lililofunguliwa ina thamani kuliko picha kumi za kitanda. Ikikuonyesha ukuta wa jirani ulio umbali wa mkono mmoja, basi upepo hautapita, ingawa faragha na kivuli utavipata.

Uliza pia kuhusu msikiti ulio karibu. Mji una misikiti zaidi ya 20, na adhana ya alfajiri itakufikia popote utakapolala. Kwa wengi wetu hiyo ni sehemu ya uzuri wa Lamu. Anayejua kwamba usingizi wake ni mwepesi aombe chumba kinachotazama ua badala ya njia.

Dalili ya mafanikio: umejibiwa kila swali kwa chumba chenye jina au nambari, wala si kwa maneno kama "vyumba vyetu vyote ni vizuri".

## Hatua ya 4: Lipia kwa maandishi

Lipa sehemu ya fedha tu kwanza, na udai uthibitisho wa maandishi wenye jina la chumba, tarehe, na jumla kamili ya gharama. Uliza waziwazi kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, na kama kifungua kinywa na boti ya kukupokea vimo. Unapotuma kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. Likiwa si la hoteli wala la mtu uliyetajiwa, simamisha malipo na upige simu.

## Hatua ya 5: Vuka maji kwa utaratibu

Uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji, na abiria wote huvuka kwa boti kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Wanaokuja kwa basi kupitia Garsen na Witu huteremkia Mokowe, kisha huvuka kwa safari ndefu kidogo zaidi. Kwa wanaokuja kwa barabara, nawashauri wapande basi la asubuhi, ili wafike Mokowe jua likiwa bado juu.

Mwombe msimamizi akutajie jina la mtu atakayekupokea. Gatini kutakuwa na vijana kadhaa watakaosema wametumwa na hoteli yako, na wengi wao ni watu wema wanaotafuta riziki, lakini aliyetumwa kweli atakutajia jina lako bila kulisoma kwenye begi. Ukikodi boti mwenyewe, patana bei ya boti nzima na useme hivyo kwa maneno kamili: "Ni bei ya boti, si ya kichwa, pamoja na mizigo." Valeni majaketi ya kuokolea hata kama wenyeji hawayavai.

Maji yakiwa yamekupwa, ngazi za chini za gati hufichuka zikiwa na ukoga unaoteleza. Mpe nahodha begi kwanza, shika mkono wake, ndipo upande. Mkokoteni au punda atabeba mizigo mizito hadi mlangoni. Patana na mwenye punda au mkokoteni pia kabla hajapakia.

## Hatua ya 6: Kikague chumba kabla ya kufungua begi

Fanya haya kwa dakika tano mbele ya mwenyeji wako, kwa adabu. Fungua madirisha yote na usimame katikati ya chumba: je, unahisi hewa ikipita usoni? Teremsha chandarua na ukitazame dhidi ya mwanga ili uone matundu. Fungua bomba la bafu usikie nguvu ya maji. Yaonje kwa ncha ya ulimi, kwa sababu maji ya mji hutoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela na wakati mwingine huwa na chumvi kidogo. Hayo ni ya kuoga, ya kunywa omba mengine.

Ikiwa chumba si kile ulichoahidiwa, sema hapohapo huku begi likiwa bado limefungwa. Katika nyumba yenye vyumba sita au saba, mwenyeji anaweza kukuhamisha kwa urahisi saa nane mchana. Saa tatu usiku hawezi.

## Hatua ya 7: Agiza chakula cha usiku asubuhi

Jikoni kwa mikahawa mizuri ya Lamu hakuna akiba kubwa ya samaki waliogandishwa, na hilo ndilo linalokifanya chakula chake kiwe kitamu. Wavuvi huteremsha samaki asubuhi, mpishi au mtu wake huenda sokoni karibu na ngome, na hununua kwa kiasi cha maagizo aliyonayo pamoja na ziada ndogo. Anayeingia saa mbili usiku bila kuagiza hula ile ziada. Ndiyo sababu wasomaji wangu huambiwa samaki wamekwisha, na mpishi huwa anasema kweli.

Kwa hiyo pita mkahawani kabla ya saa nne asubuhi. Salimia kwanza, ulizia hali, kisha ndipo uulize: "Leo bahari imeleta nini?" Swali hilo ni bora kuliko kuomba menyu, kwa sababu menyu huonyesha vyakula vya mwaka mzima. Ukiambiwa kuna changu, tafi, kolekole au nguru, omba umwone samaki. Macho yawe yamejaa na yang'ae, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi mahali pake bila kuacha shimo.

Agiza kwa ukamilifu: samaki yupi, apikwe vipi, na nini pembeni. Samaki wa kupaka ndiye ninayempa nafasi ya kwanza, akifuatana na wali wa nazi. Nazi ikunwe kwenye mbuzi siku hiyohiyo na tui zito litumike, jambo linalohitaji muda, na ndiyo sababu nyingine ya kuagiza mapema. Biriani ya samaki huhitaji muda mrefu zaidi. Siku ya Ijumaa shughuli hutulia kuanzia karibu na saa sita hadi baada ya swala, basi uwe umeshamaliza mipango kabla ya hapo.

Kwa kamba mawe na kaa, patana bei kwa kilo na uombe wapimwe mbele yako wakiwa wabichi. Bili nyingi zinazoleta maneno huanzia hapo, mteja akidhani bei ni ya sahani. Kamba mawe mwenye mayai chini ya mkia mkatae, arudi baharini.

Uliza mambo mawili ya mwisho. Kwanza vinywaji: mikahawa mingi ya mjini haiuzi pombe, na si adabu kuingia na chupa yako bila ruhusa. Maji ya ukwaju, ya ndimu na tangawizi, au dafu, huendana na nazi na samaki kuliko unavyodhani. Pili, meza: omba ile ya juu ya paa au ya upande wa bahari, na uandikiwe jina.

Dalili ya mafanikio: mpishi amekurudishia agizo lako lote kwa mdomo wake, bei ikiwemo, na mmekubaliana saa.

## Hatua ya 8: Jioni yenyewe

Panga kula saa mbili usiku. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, watu huswali magharibi, na baada ya isha mji huchangamka tena, wapishi nao wakiwa wameshatulia jikoni. Ukitaka kula mapema zaidi, sema hivyo asubuhi.

Ikiwa mkahawa uko Shela nawe umelala mjini, tazama jedwali la maji mchana. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kwa mita 3 hivi, na yakijaa njia ya ufuoni humezwa mahali pengine mpaka ukutani. Kila siku maji hujaa dakika 50 hivi baadaye kuliko siku iliyotangulia, hivyo njia uliyoipita jana saa mbili ikiwa kavu usiitegemee leo. Kodi boti ya kwenda na kurudi kwa nahodha mmoja, umlipe nusu mwanzoni na nusu mkifika salama. Usimlipe yote kabla.

Sahani ikifika, mtazame samaki kabla hujamgusa. Samaki wa kupaka aliyepikwa sawasawa amepasuliwa akafunguliwa, amechomwa juu ya makaa, kisha akapakwa tui lililokolea thomu, tangawizi, pilipili na ukwaju, tena na tena, mpaka rojo ikamshika. Kingo zimeungua kidogo na mafuta ya nazi yanameta juu. Rojo ikiwa nyepesi na imetuama sahanini, samaki huyo amemwagiwa tui mwishoni, na ladha ya moshi hutaipata. Wali wa nazi punje zake ziachane, zinukie, na zisiache maji sahanini.

Wenyeji hula kwa mkono wa kulia baada ya kunawa mezani, na ukifanya hivyo miiba utaigundua kwa vidole kabla ya ulimi. Malizia kwa kahawa chungu na kipande cha halua.

## Hatua ya 9: Bili, bahashishi na kurudi

Linganisha bili na bei mlizopatana asubuhi, kitu kwa kitu. Pakiwa na tofauti, mwite aliyepokea agizo lako na mzungumze kwa sauti ya chini. Mambo mengi ya Lamu humalizika vizuri namna hiyo. Bahashishi mpe mhudumu mkononi, na ukiweza mpelekee mpishi salamu zake mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamka kwenda sokoni.

Rudini kwa njia kuu, ile wenyeji waiitayo Usita wa Mui, mkiwa na tochi. Kwenye vichochoro vyembamba mpisheni punda, naye hupita upande wa ukuta bila kugeuza mzigo.

Kabla ya kulala, kamilisha malipo ya hoteli na uhakikishe saa ya boti ya kesho. Mwenye ndege ya asubuhi atoke gatini angalau saa moja na nusu kabla ya muda wa kuruka, na bamvua likiwa limekupwa aongeze nusu saa nyingine.